Kutembea tena baada ya kiharusi: roboti inamsaidia nani, na mgonjwa afanye nini akiwa ndani yake

Haya, shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za saa hizi. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmekuja na mgonjwa mkimsukuma kwenye wilchea na sio kazi ndogo, kwa hiyo siwachoshi na utangulizi, naenda moja kwa moja kwenye swali ambalo nimeulizwa hata kabla sijashika maiki: ile mashine ya roboti inayowatembeza watu waliopata kiharusi, ni kweli inawarudisha kutembea au ni biashara tu?

Jibu langu ni hili, na naomba mlishike maana mengine yote ntakayosema yanatoka hapa. Kwa mtu ambae bado hawezi kusimama wala kupiga hatua mwenyewe, na kiharusi chake bado kiko ndani ya miezi 3 ya mwanzo, roboti inaweza kumsaidia sana, ila iende pamoja na fiziotherapia ya kawaida na yeye mwenyewe afanye kazi akiwa ndani yake. Kwa mtu ambae tayari anatembea, hata kama anachechemea, hata kama bado anashika ukuta, mara nyingi atapata faida zaidi akitembea chini kwa miguu yake na mtu wa fizio akiwa pembeni. Basi. Roboti ni kifaa cha mazoezi, sio dawa, na anaewauzia kama dawa anawadanganya.

Sasa tuelewane kwanza kiharusi kinafanya nini, maana watu wengi wanakuja wanakandakanda mguu, wanaupaka mafuta, wanauchua usiku kucha wakidhani mguu ndo mgonjwa. Kiharusi kinapiga ubongo, hakipigi mguu. Mara nyingi damu imeganda ikaziba mshipa, mara nyingine mshipa umepasuka, na kwa vyovyote vile kuna sehemu ya ubongo imekosa damu ikafa. Mguu wenyewe mzima, mfupa mzima, msuli upo pale pale, ila amri haifiki, au inafika nusu, au inafika imechanganyikana. Ndo maana mguu unakuwa umelegea kabisa wiki za mwanzo, halafu baadae unaanza kukakamaa na familia inafurahi inasema "mguu umepata nguvu", kumbe kukakamaa ni kitu kingine na nguvu ni kitu kingine.

Ukitaka kuona tatizo lenyewe mwangalie mtu aliepooza upande anapoanza kutembea, mwangalie vizuri kuanzia kiunoni mpaka chini. Anataka kupeleka mguu mbele, kidole gumba kinakwama chini kwa sababu unyayo umening'inia hauinuki. Ili usikwame anainua nyonga juu, anauzungusha mguu kwa nje kama anauvusha kitu, unatua kwa upande wa nje wa unyayo badala ya kisigino. Sasa inabidi auegemee. Hapo goti ama linakunjika ghafla anataka kuanguka, ama linarudi nyuma linajifunga kwa nguvu mpaka ukitazama unaumia wewe. Anaogopa, anautoa uzito haraka anaurudisha kwenye mguu mzima. Kwa hiyo hatua moja ndefu, moja fupi, moja ndefu, moja fupi. Kila hatua ya namna hiyo ubongo unaisoma na kuiweka, na akitembea hivo miezi 6 ndo inakuwa mwendo wake.

Habari njema ni kwamba wengi wanarudi. Kuna utafiti wa Copenhagen uliotoka mwaka 1995, waliwafuatilia wagonjwa 804. Walipolazwa, asilimia 51 hawakuweza kutembea kabisa. Mwisho wa tiba, katika kila 100, 50 walikuwa wanatembea wenyewe, 11 wanatembea kwa kushikwa, 18 hawatembei, na 21 walishafariki. Na wakaona kitu kingine ambacho nataka mkikumbuke, kwamba kwa asilimia 95 ya wagonjwa kule kurudi kwa mwendo kulifika mwisho wake ndani ya wiki 11 za mwanzo. Sisemi baada ya wiki 11 mlango umefungwa, ntalirudia hilo mbele kidogo maana naona kuna mama ameshika kichwa, lakini wiki zile ni za thamani, ni wiki ambazo ubongo uko tayari kupanga mambo upya, na mtu akizimaliza amelala kitandani anageuzwageuzwa tu ni hasara kubwa.

Ubongo unapangaje mambo upya? Kwa kurudia. Sehemu iliyokufa hairudi, ila sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza kubeba kazi, na zinajifunza kwa kufanya kazi ile ile tena na tena na tena. Anaetaka kutembea afanye mazoezi ya kutembea. Kuminya mpira, kuvuta kamba, kukanda, vyote vina nafasi yake lakini havimfundishi mtu kutembea. Hata uti wa mgongo wenyewe unajifunza, mwaka 1987 wanasayansi wa Montreal walionyesha paka waliokatwa uti wa mgongo waliweza kukanyaga tena kwenye mkanda unaozunguka baada ya kufundishwa kila siku, na ni kutokana na kazi za aina hiyo watu wakaanza kujiuliza, kama paka anaweza kwa kufundishwa, binadamu je?

Na hapo ndo tunafika kwenye aibu yetu sisi watu wa fizio, na naisema wazi. Mwaka 2009 ulitoka utafiti, watafiti walikaa kwenye vituo vya Marekani na Kanada wakawa wanahesabu tu, mgonjwa wa kiharusi kwenye kipindi kimoja cha mazoezi ya kutembea anapiga hatua ngapi. Wastani ulikuwa hatua 357. Ni chache mno. Mtu mzima anaeenda na kurudi chooni na jikoni tu nyumbani kwake anaweza kuzimaliza. Tunataka ubongo ujifunze upya kazi ngumu kuliko zote ambazo mwili unafanya halafu tunaupa hatua 357, tena hao ni wale wanaoweza kupiga hatua, yule asiyeweza kusimama anapata ngapi? Wengine hamna hata moja.

Sio kwamba watu wa fizio ni wavivu. Jaribuni kumtembeza mtu wa kilo 80 ambae upande mmoja haumtii. Unahitaji mtu wa kumshika kiunoni, mtu wa pili kakaa kwenye kigoda anaushika mguu uliopooza kwa mikono miwili, anaunyanyua, anaupeleka mbele, anautua, anabana goti lisikunjike, halafu tena, halafu tena, na mgongo wake umepinda mda wote huo. Baada ya dakika 10 anaechoka wa kwanza ni mtu wa fizio, mgonjwa bado ana pumzi. Hilo ndo tatizo ambalo roboti ilitengenezwa kulitatua. Haikutengenezwa kwa sababu mashine inajua zaidi kuliko binadamu, ilitengenezwa kwa sababu mashine haiumwi mgongo.

Historia yake sio ndefu. Kule Berlin alikuwepo daktari anaitwa Stefan Hesse, miaka ya tisini yeye na wenzake walikuwa wanawaning'iniza wagonjwa wa kiharusi kwa mikanda juu ya tredimili, yaani ile mashine ya mkanda unaozunguka mtu akitembea juu yake, ili uzito upungue na miguu iweze kukanyaga, ikafanya kazi lakini wale wasaidizi walikuwa wanachoka kama nilivyoeleza, kwa hiyo wakatengeneza mashine yenye vibao viwili vya kukanyagia, mgonjwa anafungwa nyayo kwenye vile vibao na vibao vyenyewe ndo vinazunguka kama hatua ya mtu. Zurich nako Gery Colombo na wenzake wakaenda njia nyingine, wao wakatengeneza miguu ya chuma inayovaliwa kwa nje, ina mota kwenye nyonga na kwenye goti, ikiwa juu ya tredimili, wakachapisha kazi yao mwaka 2000, na walianza na watu walioumia uti wa mgongo. Hiyo ndo Lokomat ambayo wengi mmeiona kwenye video. Halafu zikaja za kuvaa na kutembea nazo chini sakafuni bila tredimili. Japani wana HAL ambayo inabandikwa sensa, yaani vibandiko vya kuhisi, kwenye ngozi na kusikiliza ule umeme mdogo wa misuli, yaani mtu akijaribu tu kukunja goti, hata kama goti halijakunjika, mashine inaipata ile nia na kumsaidia. Marekani mwaka 2016 waliruhusu rasmi Ekso GT itumike kwa waliopata kiharusi, na mwaka 2019 wakaruhusu nyingine laini kabisa ya kitambaa na nyaya, inaitwa ReStore, yenyewe inashughulika na kifundo cha mguu tu, inavuta kisigino wakati wa kusukuma na kuinua unyayo usikwame.

Majina sio muhimu sana. Muhimu mjue mkiambiwa "roboti" muulize, ya kufungwa juu ya tredimili, ya vibao, au ya kuvaa? Maana ni vitu tofauti na vinamfaa mtu tofauti.

Sasa niwaingize ndani ya chumba. Nachukua ile ya miguu ya chuma kwa sababu ndo inaogopesha zaidi kwa macho.

Mgonjwa anafika na wilchea. Kabla ya chochote mtu wa fizio anachukua kipimo, paja kuanzia nyonga mpaka goti, muundi kuanzia goti mpaka chini, kwa sababu kiungo cha mashine lazima kikae sawasawa na kiungo cha mtu. Kikipishana hata kidogo tu, kila hatua inavuta ngozi, na mgonjwa ambae hahisi vizuri upande ule hatakwambia, utakuja kuona kidonda jioni. Anavalishwa mkanda mpana kifuani unaoshuka mpaka kwenye mapaja, suruali inanyooshwa isiwe na mkunjo hata mmoja chini ya mkanda, halafu winchi inamnyanyua. Hapo wengi wanashtuka. Mtu hajasimama tangu augue, ghafla yuko wima, anaona watu usawa wa macho, na wengi wanalia na sisi tunawaacha walie. Wengine presha inashuka wanahisi kizunguzungu, ndo maana mwanzo tunapima presha akiwa amekaa na akiwa wima.

Miguu inafungwa, mikanda miwili mitatu kila mguu, na mkanda mdogo chini ya unyayo mbele ili vidole visikwame. Mashine inaanza kuzungusha miguu akiwa bado juu hewani, hajagusa kitu, miguu inatembea bure, halafu ndo anashushwa polepole mpaka nyayo zinagusa mkanda wa tredimili. Hiyo sekunde ya kugusa ndo kila kitu. Ukimshusha kidogo mno anagusa kwa vidole tu na hapati uzito, na bila uzito kwenye mguu ubongo haupati taarifa kwamba hii ni kutembea. Ukimshusha sana goti linazama. Kwa hiyo unashusha, unatazama goti, unashusha tena kidogo, unatazama. Wengi wanaanza mashine ikiwa imewabebea karibu nusu ya uzito wao, na wiki kwa wiki unapunguza.

Kutoka hapo anatembea dakika 20 au 30. Mashine ya vibao kama ile ya Berlin inaweza kumpa mtu hatua 800 mpaka 1000 kwa dakika 20. Mtu ambae chini asingeweza hata hatua 10. Ndo maana siikejeli hii mashine kama wenzangu wengine wanavyofanya, kwa mtu wa aina hii hakuna njia nyingine rahisi ya kumpa hatua 1000 kwa siku.

Lakini, na hapa ndo nataka mnisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ubongo ni bahili. Ukiona kazi inafanywa na mwingine unaacha kulipa. Mashine ikiwekwa msaada wa asilimia 100 itauzungusha mguu vizuri kabisa hata kama mgonjwa amesinzia, na mimi nimewaona wamesinzia kweli. Mtoto ukimshika mkono kila siku ukawa unamwandikia, herufi zitatoka nzuri, lakini siku ukimwachia hamna kitu, kwa sababu aliekuwa anaandika ni wewe. Mgonjwa anaebebwa tu na mashine dakika 30 amefanyiwa kunyoosha viungo, sio mbaya, damu inatembea, lakini hajajifunza kutembea. Familia inatazama kwa kioo inaona baba anatembea, inapiga picha inatuma kwa ndugu, inarudi nyumbani na matumaini, na mwezi unaisha baba akishushwa chini hasogei. Hii inaniuma sana kwa sababu mara nyingi mashine ilikuwa nzuri na mgonjwa alikuwa na uwezo, ila hamna mtu alimwambia "sukuma".

Kwa hiyo anaesimamia lazima apunguze msaada. Mashine nyingi zina sehemu ya kuchagua mashine isaidie kiasi gani, na zina skrini inayoonyesha mgonjwa anachangia kiasi gani kila hatua, nyonga kulia, goti kulia, nyonga kushoto. Lengo ni kumshusha msaada mpaka mahali anapohangaika lakini hashindwi. Anahangaika, anatokwa jasho, mapigo ya moyo yanapanda kidogo, hatua zinakuwa sio nzuri kama mwanzo. Msiogope hatua zikiwa mbaya! Hatua mbaya aliyoipiga mwenyewe ina thamani kuliko nzuri aliyopigiwa, kwa sababu ubongo unajifunza kutokana na kukosea na kurekebisha. Na nyie mnaomsindikiza, mkiwa pale msimpigishe stori za nyumbani, msimpe simu aongee na shangazi. Mwiteni kwa jina, mwambieni "mama, peleka goti mbele, haya, sasa kisigino". Akishindwa kuelewa maneno kwa sababu kiharusi kimegusa upande wa lugha, mguseni paja wakati wa kulipeleka, ataelewa.

Kingine ambacho mashine haifundishi vizuri ni mizani ya mwili, yaani kukaa wima bila kuyumba. Ukiwa umening'inizwa huwezi kuanguka, na kiuno kimeshikwa hakiendi kulia wala kushoto, wakati kutembea kwa kweli kazi kubwa ni kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu bila kuanguka. Matoleo ya baadae yameongeza uhuru kidogo wa kiuno, sawa, lakini mizani inafundishwa chini sakafuni. Ndo maana nimesema tangu mwanzo iende pamoja na fizio ya kawaida, na sio maoni yangu tu.

Angalieni utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2007. Wagonjwa 155 ambao hawakuweza kutembea, kiharusi kikiwa bado kipya. Kundi moja walipewa dakika 20 za mashine ya vibao na dakika 25 za fizio, kundi la pili dakika 45 za fizio tupu, siku 5 kwa wiki, wiki 4. Mda ni ule ule jamani, dakika 45 kwa 45. Mwisho wa wiki 4 waliopata mashine, 41 kati ya 77 walikuwa wanatembea wenyewe. Kundi la pili 17 kati ya 78. Tofauti kubwa hiyo.

Sasa geuza upande. Mwaka 2008 na 2009 Marekani walifanya tafiti mbili na ile ya miguu ya chuma, lakini hawa walikuwa watu ambao tayari wanatembea kidogo, na waliofundishwa na mikono ya binadamu ndo walipata maendeleo zaidi kuliko wa roboti. Mtu akisoma hizi mbili tu atasema roboti haifai. Akisoma ule wa Ujerumani tu atasema roboti ni muujiza. Wote wawili wamesoma kweli ila hawajaangalia ni mgonjwa gani. Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa watu ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima kwa pamoja, wakakusanya tafiti 62 zenye watu 2440 wakaona hivi: ukichanganya mashine na fizio, nafasi ya mtu kufikia kutembea bila kushikwa inaongezeka, na wanaofaidika zaidi ni walio ndani ya miezi 3 ya mwanzo na wasioweza kutembea. Lakini kasi ya kutembea iliongezeka kidogo tu. Yaani inakusaidia kuanza, haikufanyi uwe mwepesi.

Na kuna mmoja ambao naupenda sana kwa sababu unawapa moyo wasio na mashine. Marekani, mwaka 2011, watu 408. Wengine waliwekwa kwenye tredimili kwa kuning'inizwa na mikanda, hiyo haikuwa roboti, ilikuwa binadamu wanashika miguu, na wengine walifuatwa nyumbani na mtu wa fizio wakafanya mazoezi ya nguvu na mizani yanayopanda taratibu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya wote walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na makundi hayakupishana. Mazoezi ya nyumbani yakasimama sawa na vifaa vya gharama. Wale wa nyumbani walisimamiwa lakini, na mazoezi yalipanda ugumu kila mara. Hawakuachiwa karatasi ya picha wakaambiwa fanyeni.

Kuhusu lini mtu aanze. Msikimbilie siku ya kwanza. Kulikuwa na utafiti mkubwa unaitwa AVERT, ukatoka mwaka 2015, watu 2104, waliwaamsha wagonjwa mapema sana ndani ya masaa 24 na kwa wingi, wakidhani mapema zaidi ni bora zaidi, matokeo yakawa kinyume, waliopewa kwa wingi mapema hivo walifanya vibaya kidogo. Kwa hiyo siku ile ya mwanzo mwachieni daktari. Mgonjwa akishatulia, presha imekaa sawa, hapo ndo dozi ianze kupanda na isisimame.

Wapo wasiotakiwa kuingia kwenye roboti kabisa au mpaka kwanza watibiwe: mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, moyo usiotulia, mifupa iliyokuwa laini sana au iliyovunjika haijaunga, kidonda mahali mikanda inapopita, viungo vilivyojifunga havinyooki. Na mtu mwenye mwili mkubwa sana, ile Lokomat inaishia kilo 135. Mkiona mahali wanampandisha mgonjwa bila kumuuliza haya yote, mshusheni mwondoke.

Mama aliyeshika kichwa, nakuja kwako. Kama miezi 3 imepita, kama mwaka umepita, mtu bado anaweza kuongeza. Anaweza kuongeza kasi, umbali, usalama wa kugeuka na kupanda ngazi. Inakuwa polepole zaidi na inataka mazoezi mazito zaidi, lakini ubongo haufungi duka. Mtu anaetembea chini ya mita 0.4 kwa sekunde kwa kawaida anaishia ndani ya nyumba, akifika mita 0.8 anaweza kutoka akazunguka nje vizuri, kwa hiyo hata kuongeza kidogo tu kunabadilisha maisha. Pimeni. Weka alama mita 10, chukua saa ya simu, pima leo, pima tena mwisho wa mwezi, andika.

Kama mahali mlipo hakuna mashine, au ipo na hamuimudu, naomba msiuze nyumba. Nasema hivi kwa sababu nimeulizwa na watu waliokuwa tayari kuuza. Kinachotafutwa ni hatua nyingi, za kujaribu mwenyewe, zinazopanda ugumu, kwa usalama. Asiyeweza kusimama aanze kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, kiti kikiwa juu kwanza halafu kinashuka, meza mbele yake, mtu pembeni upande uliopooza, goti lake umelikinga na goti lako. Anaesimama ahamishe uzito kwenye mguu uliopooza, ahesabu, arudishe. Anaeweza hatua ahesabiwe hatua kila siku na idadi ipande. Viatu vilivyofunga kisigino, sio ndala. Kama unyayo unaning'inia muulizieni kile kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo, ni cha bei ndogo kuliko roboti yoyote na kuna watu kinawatembeza siku hiyo hiyo. Kwenye ule utafiti wa watu 408 zaidi ya nusu walianguka angalau mara moja ndani ya mwaka, kwa hiyo ondoeni mazulia na nyaya njiani. Na tafadhali sana msimnyanyue kwa kumvuta mkono uliopooza, misuli ya bega lile haina nguvu ya kulishika, linaweza kuchomoka, na bega likiuma hatatembea wala hatalala. Mshikeni kiunoni.

Na mgonjwa akianza kukataa mazoezi, halali usingizi, hali chakula, hataki watu, msimwite mvivu. Sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, baada ya kiharusi ni ya kawaida sana, na inatibika, mwambieni daktari.

Kwa mlio na uwezo wa kuifikia mashine, kabla hamjalipa ulizeni. Mgonjwa wetu anapiga hatua ngapi kwa kipindi? Msaada wa mashine uko asilimia ngapi wiki hii, na wiki ijayo mtaushusha mpaka ngapi? Nani atakuwa amesimama nae mda wote, au mashine inawashwa na mtu anaenda kunywa chai? Akishuka kwenye mashine anatembea chini siku hiyo hiyo au anarudi kwenye wilchea? Hilo la mwisho ndo kubwa, hatua za mashine zinatakiwa zihamishiwe sakafuni pale pale, hata kama ni hatua 5 kwenye vyuma vya kushikilia. Na mtajuaje kwamba imetosha? Mahali pazuri watawajibu bila kukasirika, na watawaambia wenyewe siku mgonjwa ameanza kutembea chini kwamba sasa mashine basi, pesa iliyobaki ipelekeni kwenye fizio ya kawaida.

Naishia hapo niwaachie nafasi. Wale wenye wilchea msogee mbele kwanza, nataka kuona miguu yenu ilivyokaa kwenye vile vibao vya chini kabla hatujaanza maswali, maana naona kama watatu hivi unyayo umepinda kwa ndani.